Nukta ya Kijivu

Saa tatu asubuhi, sakafu ya ukumbi mkuu wa Taasisi ya Nasaba jijini Dodoma iligeuka kuwa Afrika. Maziwa yaliwaka samawati, majangwa yakawaka manjano, na pale aliposimama Dkt. Tusekile Mwaisaka, juu ya vilima vya Kondoa, ikachomoza nukta nyekundu isiyozidi punje ya mtama.

"Huyo ndiye," alisema, na wageni wakasogea.

Punje ile ilikuwa mwanamke. Alikufa miaka elfu hamsini na mbili iliyopita, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, na taya lake lilichimbuliwa katika pango moja la vilima hivyo. Mashine iliyokuwa ikimfuata iliitwa Kifuatamama, na Tusekile alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja kuiunda.

Aliwaeleza wageni namna inavyofanya kazi. Ndani ya seli za mwili mna majiko madogo yanayoitwa mitokondria, ambayo huipa seli nguvu. Majiko hayo yana maandishi yake ya urithi, na mtu huyapata kwa mama yake tu. Mama naye aliyapata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake, bila baba kutia mkono. Mara chache sana, katika kunakiliwa, herufi moja hukosewa, na kosa hilo hubaki kuwa alama kwa wote watakaofuata. Kifuatamama kilisoma makosa hayo kama mwindaji anavyosoma nyayo.

Uzi mwekundu ukatoka Kondoa. Ukame ulipoingia, uzi ulikwenda kaskazini kwenye maziwa, ukagawanyika mara kumi, mara mia. Tawi moja lilivuka bahari nyembamba kuingia Uarabuni, likazimika huko. Jingine lilipanda nyanda za juu za Uhabeshi likakaa miaka elfu kumi na nane. Nyuzi zilikuwa zikikatika moja baada ya nyingine, kila mahali mwanamke alipokufa bila binti. Uliobaki ulirudi kusini pamoja na wafugaji, ukapita pembeni mwa vilima vilevile ulikoanzia bila kusimama, na ukaishia Singida. Hapo ikawaka nukta moja.

"Anaitwa Sikudhani Ntandu," alisema Profesa Lyatuu, mkurugenzi wa taasisi, kwa sauti yake ya jukwaani. "Ana miaka sitini na mitatu. Tumepima watu milioni mia tatu wa kanda hii, na mwanamke aliyebaki ni yeye tu. Ana watoto watatu, wote wanaume. Mwanamume huyapokea majiko ya mama yake lakini hayapeleki mbele. Bibi huyu akifumba macho, mabibi na mabwana, safari ya miaka elfu hamsini na mbili itakuwa imekwisha."

Wageni walipiga makofi. Tusekile alizima sakafu. Hakupenda makofi yale, ingawa hakujua hasa kwa nini.

Sherehe ya kumtangaza Binti wa Mwisho ilipangwa baada ya wiki tatu, na Tusekile akatumwa kuomba ridhaa yake. Alipanda treni ya sumaku, akashuka Singida katikati ya mitambo ya upepo, akaelekezwa kwenye kinu cha mafuta ya alizeti nyuma ya soko. Roboti nne za kupepeta zilikuwa zikitupa mbegu hewani. Mwanamke mrefu, mwenye mashudu hadi viwikoni, alikuwa akiigombeza ya tano iliyokataa kuinua mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mifupa?"

"Ndiye mimi. Naitwa Tusekile."

Sikudhani alimvutia kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono polepole.

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho."

"Kwa kumbukumbu tulizonazo, ndiyo."

"Kwa sababu sina binti."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naye."

Aliizima roboti mbovu kwanza, kana kwamba hakutaka isikie.

"Zamda. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliniambia jambo alilokuwa akitendewa na mume wangu, baba yake wa kambo. Nikamzaba kofi. Nikamwambia anataka kunivunjia nyumba. Kesho yake akapanda basi la Morogoro, na basi hilo likachukuliwa na mafuriko darajani. Maiti kumi na tisa zilipatikana, wengine hawakuonekana. Tulimfanyia matanga bila maiti. Ni miaka ishirini na miwili sasa."

Tusekile alisita. "Na lile alilokuambia…"

"Lilikuwa kweli. Nilijua siku ile ile. Mkono wangu ulikuwa bado haujashuka, nikajua." Alitazama pembeni. "Mwanamume mwenyewe alikwisha kufa. Nilimwuguza mpaka mwisho, kama mke mwema. Haya, nitakuja kwenye sherehe yenu. Lakini mniandikie kwamba nilizaa wanne. Msiandike watatu."

Lilikuwa ombi dogo, na aliporudi Dodoma Tusekile alikaa kulitimiza kabla hata ya kunywa chai. Alifungua kumbukumbu za Sikudhani, akaandika jina la mtoto wa nne na mwaka wa kuzaliwa, kisha neno *marehemu*.

Kifuatamama kilikataa. Maneno yakatokea kwenye kioo: *Mtu huyu hawezi kuandikwa marehemu.*

Alijaribu tena, kikakataa tena. Ndipo akakumbuka nukta za kijivu.

Sheria ilimpa kila aliyepimwa haki ya kujificha. Aliyeitumia haki hiyo aligeuzwa nukta ya kijivu, na mashine ilimruka katika hesabu zake zote, asionekane kwa wageni wala kwa ndugu. Mhandisi mkuu peke yake ndiye aliyeweza kumfunua, tena kwa sababu ya kazi tu. Tusekile alijiuliza kama hii ilikuwa kazi. Vidole vyake vilifungua kabla hajapata jibu.

Mtwara. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mfanyakazi wa mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Chini yake nukta mbili ndogo za kijivu: binti wa miaka tisa na binti wa miaka sita. Na sharti moja, lililoandikwa kwa mkono siku ya kupimwa: *Asijulishwe mtu yeyote wa upande wa mama yangu, hata nikifa.*

Sheria hiyo hiyo iliiruhusu taasisi kumpigia aliyejificha mara moja tu, kumwuliza kama bado anataka kujificha. Tusekile alipiga.

"Nani kakupa namba hii?" Sauti ilikuwa ya Sikudhani kabisa, ila changa.

Tusekile alijitambulisha, akaeleza habari za taya na uzi na sherehe.  Upande wa pili zilisikika pampu zikiunguruma.

"Anajua niko hai?"

"Hajui. Walikufanyia matanga."

"Nilishuka Gairo," Zamda alisema hatimaye. "Nilikuwa natapika, nikashuka, basi likaniacha. Kesho yake nikasikia habari za daraja. Nikasema, haya, nimekufa. Ilikuwa rahisi kuliko kurudi."

"Dada Zamda, ameniambia alijua kwamba ulisema kweli. Alijua siku ile ile."

"Amekuambia wewe."

"Ndiyo."

"Wewe mgeni umepewa maneno hayo kwenye kigoda. Mimi niliyemzaa nilipewa kofi." Alijisikia amekosea, akacheka kicheko kikavu. "Unaona? Hata maneno yananigeukia. Aliyenizaa. Usimwambie, Daktari. Niahidi."

"Nakuahidi."

Tusekile aliitunza ahadi ile kwa siku kumi na tisa. Alimwendea Profesa Lyatuu na kumwambia tu kwamba neno *wa mwisho* halina uhakika, kwamba nukta za kijivu hazimo katika hesabu. Profesa alimjibu kwamba wageni hawaji kumtazama *huenda wa mwisho*, na mabango yakaendelea kuchapwa.

Asubuhi ya sherehe, Sikudhani aliwasili amevaa kitenge kipya na viatu vilivyombana. Alisimama kwenye ngazi za taasisi, mikononi ameshika bango dogo lenye picha yake, akilisoma.

"Mmeandika watatu," alisema.

"Nilijaribu, mama. Imeshindikana."

"Imeshindikana vipi? Wafu wanaandikwa kila siku."

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa swali hili. Alikuwa na uongo mzuri, mfupi, kuhusu kumbukumbu za zamani zilizopotea. Aliufungua mdomo, uongo ukagoma kutoka. Alimtazama yule mama, kisha akatazama chini, na ukimya ukawa mrefu kupita kiasi.

Bango lilianguka kutoka mikononi mwa Sikudhani. Aliketi kwenye ngazi palepale, kiganja kifuani.

"Mama, mimi sijasema kitu."

"Hujasema." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Usiniambie aliko. Kama angetaka nijue, ningejua. Usiniambie."

Ukumbini, sakafu iliwaka, uzi mwekundu ukasafiri safari yake, watu wakapiga makofi. Sherehe ilirushwa katika vioo vyote vya kanda, kuanzia Moroni mpaka Khartoum. Profesa Lyatuu alimwalika Binti wa Mwisho aseme neno la shukrani.

Sikudhani alisimama juu ya Singida yenye mwanga, nukta yake ikimulika nyayo.

"Huyu profesa anasema mimi ni wa mwisho kwa kuwa sina binti," alianza. "Nilizaa binti, jina lake Zamda. Aliniambia jambo la kweli kuhusu mume wangu, nikampiga. Nilijua ni kweli, nikampiga, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Hao mama wote mnaowaona hapo chini walibeba watoto wao kwenye ukame na kwenye njaa. Mimi sikuwa na ukame wala njaa. Nilikuwa na nyumba ya bati na mume. Sina ninachoomba. Nataka tu ijulikane kwamba yeye hakusema uongo."

Hakuna aliyepiga makofi. Profesa Lyatuu alikohoa, akataja chakula cha mchana.

Siku ya tatu baada ya sherehe, simu ya Tusekile iliita. Zile pampu zilikuwa zikiunguruma nyuma ya sauti.

"Ulimwambia. Aliongea kama anayejua ninamsikia."

"Sikumwambia, dada. Aliniuliza, nikashindwa kudanganya. Nilinyamaza vibaya."

"Ni kitu kilekile."

"Ni kilekile," Tusekile alikiri. "Nisamehe."

"Tufute. Mimi na wanangu. Si kutuficha. Tufute kabisa."

Hiyo pia ilikuwa haki yake. Tusekile alifungua ramani, na Zamda akabaki kwenye simu kuhakikisha. Nukta ndogo ya kwanza ilizimika, kisha ya pili, kisha ya mama yao. Kifuatamama kilitafakari kidogo, kikapiga hesabu upya, na kwa sauti yake tulivu kikatangaza kwamba uzi wa mwanamke wa pangoni unaishia Singida, kwa mwanamke mmoja, na kwamba hakuna shaka yoyote tena katika jibu hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine yake kusema uongo, na ni yeye aliyeifundisha.

"Tayari," alisema. "Hamumo tena."

Alidhani Zamda angekata simu. Hakukata.

"Wanangu waliiona ile hotuba," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Shuleni waliwaonyesha. Mdogo akaja kuniuliza yule bibi ni nani, mbona anaongea kama mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitamwambia kesho." Pampu zikaunguruma. "Leo ni siku ya tatu namwambia kesho."