Karata za Tom Mkononi mwa Japheth

Ndugu zangu mnaoishi ughaibuni, hebu nisikilizeni kidogo. Mwaka 2013, pale mtaa wa Al Mansoura katika nchi moja ya Kiarabu, Japheth na mdogo wake Tom walilala chumba kimoja lakini walionana kwa nadra, maana wote walikuwa walinzi, mmoja alilinda mchana na mwenzake usiku. Ijumaa tu, siku ya mapumziko na ya ibada huko, ndiyo waliyokuwa nayo. Walitoka kanisani, wakanywa karak, chai nzito ya maziwa, wakaenda nyuma ya duka moja la vitu vya watoto ambako vijana wa kila taifa walishindana kwa karata zenye picha za mazimwi na mashujaa. Walitaniana, wakarudi nyumbani wakiwa ndugu.

Katika mchezo ule kila mtu huja na karata zake, alizozichagua mwenyewe miongoni mwa maelfu. Tom alijenga zake polepole, nyingine akiziokota baada ya wenzake kuzidharau. Japheth alikuwa na haraka. Aliingia mtandaoni, akatazama bingwa wa wiki ni nani, akanunua karata zilezile. Akishindwa, alitafuta bingwa mwingine. Uvivu wa kufikiri, wasomaji wangu, haukosi kisingizio.

"Bro, jenga zako," Tom alimwambia. "Nitakusaidia. Ukishindwa utajua shida iko wapi."

"Mimi nataka kushinda, sitaki masomo."

Mashindano makubwa yakakaribia. Siku moja Tom akiwa lindoni, Japheth alifungua kisanduku cha karata za mdogo wake, akapiga picha kila karata. Akanunua zote, hata zile asizozielewa.

Kura ikawakutanisha ndugu hao meza moja. Japheth aliweka karata ya kwanza, Tom akatabasamu. Ya pili, tabasamu likakauka. Ya tatu hakuitazama. Alimtazama kaka yake usoni, kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa nguo zake.

"Ulifungua boksi yangu nikiwa kazi?"

Japheth akaweka karata ya nne.

"Halas, basi. Umeshinda," Tom akasema, akafunika karata zake, akatoka.

Raundi iliyofuata Japheth alishindwa upesi, maana hakujua karata zile zilikuwa zinangoja nini ili zifanye kazi pamoja. Aliporudi chumbani, godoro la Tom halikuwepo. Alikuwa amehamia Al Wukair, nje ya mji, kwa wenzake wa kazi.

Tangu hapo Japheth hana amani. Alizitupa zile karata, akaanza kujenga zake kwa mara ya kwanza. Lakini kila anayoichagua, mkono unasita: hili ni wazo langu au la Tom? Akicheza, hujikuta akiigonga karata kwa kidole kabla ya kuiweka, vilevile alivyofanya Tom. Husikia kikohozi kama cha Tom nyuma ya kiti chake, akigeuka hamna mtu. Nawaambia, inatisha kumwogopa ndugu yako aliye hai.

Mwishowe alimpigia simu, akamweleza yote, akaomba msamaha, akamsihi arudi wacheze.

"Nilishakusamehe," Tom alisema taratibu. "Lakini bro, wewe huko bado unacheza na mimi kichwani mwako kila Ijumaa. Mimi huku, kaka niliyemwamini hayupo tena, nicheze na nani?"

Akakata simu.

FUNZO

Kuiga si kosa mtu akiomba, akafundishwa, akaelewa. Japheth aliletewa msaada bure, akachagua kunyakua. Usichukue kwa siri jasho la akili ya mwenzako, hata kama ni mchezo tu. Utaupata ushindi, na huenda usimpate tena mtu wa kufurahi nawe.