Ya Juu Kwanza

Kilichoanza kunukia ni kitambaa. Kile cha kufutia mashine ya boti, kipande cha shati kuukuu ambacho miaka yote kilinuka petroli na oili kama inavyotakiwa, siku hiyo kilinukia manukato. Fundi cherehani alikiokota chini ya kitanda, akakinusa, akakinusa tena, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye akili timamu hakuwaza jini. Aliwaza mwanamke.

Mumewe alivusha watu mto kwa boti, ng'ambo hii hadi ile, na kwa safari hiyo fupi alijiita Nahodha. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Aliinunua kwa mjane mmoja aliyeiuza kama mtu anayetupa taka, na kwa kuogopa wezi akaisimamisha chumbani, miguuni pa kitanda, akaipa jina la Bibie. Kila jioni Bibie alifutwa kuanzia kichwani mpaka kwenye propela, taratibu, kwa mkono ambao mkewe hakukumbuka mara ya mwisho ulimgusa hivyo lini. Alipolalamika aliambiwa asionee chuma wivu. Alicheka, maana utamweleza nani kwamba chumbani mko watatu na aliyezidi ni wewe?

Jioni moja Nahodha alimwita amshikie beseni abadilishe oili ya gia. Kwenye mguu wa mashine, ule unaozama majini, kuna skrubu mbili. Ukifungua ya chini peke yake oili hutoka kwa kinyongo; ukifungua na ya juu, hewa huingia na yote humwagika. Kujaza ndiko kunakochekesha: oili mpya husukumwa kutokea chini, ipande, ipande, mpaka ichungulie kwenye tundu la juu. Hapo unafunga ya juu kwanza, ndipo ya chini. Nahodha alimweleza haya kila mara kana kwamba mkewe kashuka leo kutoka mwezini.

Safari hii oili ilitoka nyeupe kama maziwa. Maji yameingia, alisema Nahodha. Sili imekatika, ule mpira unaozuia maji, na kinachoukata kwa kawaida ni uzi wa kuvulia uliojiviringisha kwenye shafti, kile chuma kinachozungusha propela. Akang'oa propela. Akavuta. Kikatoka kitu cheusi, kirefu, chenye maji, akavuta na kuvuta mpaka mkono ukaishia hewani.

"Uzi wa kuvulia," akasema, bila kumtazama mkewe.

"Uzi gani huo umesukwa?"

Nahodha akaugeukia mguu wa mashine. Alitia sili mpya, akajaza, akafunga. Asubuhi, mashine haijatoka chumbani, chini ya mguu wake sakafu ilikuwa na kidimbwi cheupe, na manukato yalikuwa yamejaa hadi kwenye mashuka.

Kisha ikaja sauti. Fundi cherehani alikuwa akishona mchana, jua liko utosini. Akaacha kukanyaga pedali ili akate uzi, na kule chumbani kitu kikaendelea, krr, krr, krr, kwa mwendo uleule wa mguu wake. Alipofunua pazia propela ilikuwa imetulia. Isipokuwa ilitulia kama mtu aliyefumaniwa.

Alikwenda kwa mganga, mama wa makamo asiye na mbwembwe, aliyemsikiliza huku akichambua mchele. Mganga alimweleza kuhusu yule mjane: boti ya mumewe ilirudi peke yake, mashine ikinguruma, mtu hayumo. Huyo alichukuliwa na aliyemo ndani ya mashine, na huyu wa sasa atachukuliwa vilevile.

"Ana wivu, mwanangu," akanong'ona. "Kama wewe tu."

"Mimi sina wivu."

Mganga akaendelea na mchele wake. Kisha akamwagiza: mume mwenyewe ndiye amwage hiyo oili, maana aliyemleta ndiye amtoe, akaimwage ardhi kavu, mbali na maji. Na wakati wa kumwaga asitamke neno hata moja.

Fundi cherehani alikusudia kumwambia Nahodha. Lakini jioni alimkuta mumewe amepiga magoti, kitambaa mkononi, akimfuta Bibie, na akawaza wawili hao wakiagana. Waagane? Chumbani kwake? Moyo ukamgeuka.

Kesho yake Nahodha alipokwenda kununua petroli, mkewe alijifungia na beseni na bisibisi, miguu mitupu juu ya saruji. Akafungua ya chini; hakikutoka kitu. Akafungua ya juu, ikatoka pumzi ndefu, ya mtu aliyejizuia siku nyingi. Oili ikashuka nyeupe, ya vuguvugu, ikajaza beseni, ikafurika. Alipaswa kunyamaza. Wala hakukosa akili ya kulijua hilo.

"Una nini wewe," akauliza kwa sauti ya chini, "nisichokuwa nacho mimi?"

"Yeye," likamjibu beseni.

Akataka kukimbia, lakini weupe ule ulikuwa umekwisha kufika vidoleni, na nyayo zikawa nzito, kisha magoti, kitu cha vuguvugu kikimpanda kwa ndani bila haraka, kiunoni, kifuani, kikisukumwa kutokea chini kama alivyoona oili ikisukumwa miaka yote alipokuwa ameshika beseni, na aliijua kazi, alijua kitapanda mpaka kichungulie juu, na yale manukato yalipomfika kooni akafungua mdomo amwite mumewe kwa jina lake, lile la nyumbani, si Nahodha, na mdomo ukafungwa.

Ya juu kwanza.

Nahodha alirudi akakuta beseni kavu, mashine imenyamaza kama chuma kingine chochote, na mkewe ameketi miguuni pa kitanda, nywele zimeloa, ananukia. Alikuwa na swali, likampotea. Akaokota kitambaa.

Majirani wanasema nyumba ile imepata amani. Cherehani imefunikwa, mashine inalala nje na mvua inainyeshea. Mke, ambaye zamani hata kuvuka mto alikuwa akiogopa, sasa hakosi safari hata moja. Hukaa karibu na mumewe, midomo ameibana, akitabasamu. Abiria humwona mpole. Ila wakifika katikati, penye kina, humgusa mumewe begani, na Nahodha huinama akamnong'oneza kwa upendo ambao wanawake wenzake humwonea kijicho:

"Bado, Bibie. Leo tuna watu."