Kuku Aliyeita Vifaranga

Jua lilikuwa limeshazama upande wa bahari na manyunyu yameanza tena juu ya ziwa Budi, Zunilda alipojifunika shali kichwani akatoka kwenda kufunga banda la kuku. Kazi ya kila jioni. Bakuli la ngano mkono huu, taa ya mafuta mkono ule. Mbweha wa kule hangoji giza liive. Ukichelewa kidogo, asubuhi unaokota manyoya.

Kuku wenyewe wa asili walikuwa wamebaki wawili, jogoo mzee na tetea mmoja. Ndio wale kolonka, wasio na mkia, nyuma wamekatika butu kama waliopitiwa na panga, na masikioni wana vishungi vya manyoya vilivyosimama kama masharubu ya mzee mwenye kiburi. Na mayai yao, jamani! Si meupe, si ya kahawia. Ni ya samawati, rangi ya mbingu siku ile moja mvua inaposahau kunyesha.

Zunilda aliachiwa kuku hao na mama mkwe wake, marehemu Rosenda. Bibi yule alimshika mkono akiwa kitandani, pumzi zimebaki za kuhesabu, akamwambia, "Mwanangu, nyumba ikianguka watu watajenga nyingine. Kuku hawa wakikatika, nani atawarudisha?"

"Hawatakatika, mama."

Basi maneno yale yalimkaa Zunilda kifuani kama jiwe. Maana kuku walikuwa wanakatika kweli. Alijua fika kwamba mwenye shungi hapandishwi na mwenye shungi mwenzake, vifaranga hufia ndani. Lakini angempa tetea jogoo gani mwingine? Alimkata manyoya ya nyuma kwa mkasi, kama alivyofundishwa, ili mbegu ya jogoo ifike. Akamlaza juu ya mayai. Akasubiri. Mayai yote yakawa viza. Alipoyavunja, ndani ya kila moja alikuta kifaranga aliyetimia, mdomo umeumbika, vishungi vimeota... na hana uhai.

Alimlaza tena. Yakawa viza tena.

Jioni ile alipoinua taa bandani, akaona kitu kwenye kiota. Yai. Dogo, la mviringo, kama la njiwa. Na aliyelisimamia si tetea. Alikuwa jogoo mzee, mabawa ameyashusha, akimtazama Zunilda kwa jicho moja.

Pale Budi hata mtoto anayetambaa anajua habari ya yai la jogoo. Haliliwi, halitupwi, halifukiwi. Linaingia motoni jioni ile ile, nawe unasimama hapo hapo mpaka lipasuke. Rosenda alikuwa akilibeba kwa kijiko, uso kageuza pembeni. "Usilitazame sana, mwanangu," alizoea kusema. "Na lenyewe linakutazama."

Lakini yale ya Rosenda yalikuwa meupe.

Hili lilikuwa la samawati.

Zunilda akalisogeza kwenye taa. Ndani mkapita kivuli. Kikajinyoosha. Tangu baridi iishe hajaona uhai ndani ya yai hata mara moja, na huu hapa, kiganjani mwake, una joto. Labda ni tetea aliyetaga dogo, alijiambia. Labda jogoo alikuwa amekaa tu.

Akalisukumia chini ya tetea. Akafunga mlango wa banda. Kwa mumewe, Belarmino, alilifanya siri.

Kikapita kitambo. Jioni nyingine akaenda na bakuli lake, akakuta kiota kitupu. Gamba limekatwa katikati, sawasawa, kama kwa kisu. Kifaranga hayupo. Bandani mnanuka... si uozo. Harufu ya tope la chini ya ziwa, na maziwa yaliyolala.

Na tetea alikuwa nje, kwenye manyunyu, kasimama karibu na nyumba, pale sakafu ya mbao inapoachana na ardhi. Anaokota punje ya ngano. Anaiangusha. Anaita kwa sauti ile ya chini, ya mama kuku anapoita wanawe waje kula.

Ko... ko... ko...

"Anamwita nani huyo?" Belarmino aliuliza kutoka mlangoni.

"Sijui."

"Maskini. Kafiwa na watoto mpaka akili zimehama." Akacheka. "Mwambie na mimi nitamwita mama, atulie."

Hicho ndicho kicheko cha mwisho alichocheka akiwa mzima.

Ilianza kwa kiu. Belarmino akaamka asubuhi akiita maji, ulimi umekauka kama ngozi ya kiatu. Akanywa jagi zima. Kesho yake hivyo hivyo. Dada yake, Clorinda, aliyekaa ng'ambo ya kilima, alikuja na chupa ya muday, pombe ya ngano, akamkuta kajikunja karibu na jiko.

"Kaka, hiyo kiu ni ya pombe ya nani? Uliinywa bila kuniita?"

"Ningekuita, ungenibakishia?"

"Mchoyo wewe. Ndiyo maana unakauka."

Walitaniana hivyo. Lakini Clorinda alipotoka nje alimshika Zunilda mkono kwa nguvu. "Wifi, mbona amebaki mifupa?"

Zahanati walimpa dawa ya kifua. Akaimaliza. Akazidi kukonda. Kikohozi kikavu, kama mtu anayevunja vijiti. Chakula hakimezeki, maana hana mate ya kukilainisha. Asubuhi Zunilda alimfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, na kila akimfuta alikuta kwenye mto wake ute uliokauka, unang'aa, kama alipopita konokono.

Jioni moja Belarmino alisinzia kitini, mdomo wazi. Zunilda alikuwa anakanda unga. Nje, tetea akaanza.

Ko... ko... ko...

Chini ya sakafu kitu kikajibu.

Kililia. Kama kichanga kilichozaliwa leo, chenye njaa.

Kisha mbao zikakwaruzwa. Taratibu. Kuelekea kwenye kiti.

Kutoka kwenye upenyo wa ubao, nyuma ya mguu wa kiti, kikachomoza kitu chembamba, chenye majimaji. Kikapanda. Kikapita begani kwa Belarmino. Zunilda alikuwa na chuma cha jiko karibu kabisa na mkono wake. Alitaka kukishika. Vidole havikufunga. Alitaka kupiga kelele. Sauti haikupanda. Alisimama vile vile, unga mpaka viwikoni, akasikiliza mlio ule... mlio wa ndama anapolamba chumvi.

Halafu kikageuza kichwa, kikamtazama.

Pembeni mwa kichwa kile kulikuwa na vishungi viwili vya manyoya.

Clorinda alichukua shati ambalo kaka yake alilala nalo, akalipeleka kwa machi, mganga wao. Alirudi siku hiyo hiyo, uso umekuwa wa majivu.

"Amelinusa tu akalisukuma. Anasema kitu kinamlamba mate akilala. Kimeanguliwa hapa hapa kwenu." Akameza mate. "Wifi... lilitokea yai dogo?"

Zunilda akainamisha kichwa.

"Ulilichoma?"

"Lilikuwa la samawati, wifi."

Clorinda hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alikaa chini, akafunika uso kwa aproni. "Kasema hana dawa," alisema. "Ngoma yake haikitoi. Nyumba iungue. Nyumba, na kila kilichokilea."

Waliichoma mchana, kwa mafuta ya taa, kwa kuwa mbao zilikuwa zimelowa. Belarmino walimkalisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kaviringishwa blanketi, akaitazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikishika moto. Banda liliungua na jogoo ndani. Hakulia. Hilo Zunilda alilisikia vizuri, kwamba hakulia.

Tetea alikuwa mkononi mwake. Alishapiga hatua kuelekea kwenye moto.

"Zunilda." Sauti ya Belarmino ilikuwa mkwaruzo tu. "Nyumba nimekupa. Huyo wa mama... usimtupe."

"Mganga alisema kila kilichokilea, mume wangu."

"Ndiye wa mwisho."

Zunilda akamtazama Clorinda. Clorinda akamtazama tetea, kuku wa mama yake mzazi, jinsi shungi lake lilivyotikisika kwa upepo wa moto. Akageuka kumshika ng'ombe kamba.

Basi Zunilda akamtia tetea kwenye kikapu, akamfunika kwa shali. Tetea alikaa kimya, manyoya kayavimbisha, mabawa kayabana chini kama anayelalia. Njia nzima ya kilima kikapu kilimchosha mkono. Hakukumbuka kuku yule kuwa mzito hivyo.

Kwa Clorinda, Belarmino alilala usingizi mzito. Asubuhi aliamka akatema mate. Mate, jamani! Kidogo, meupe, kwenye majivu ya jiko. Zunilda alipiga magoti akayatazama kama mtu aliyeona dhahabu. Siku zikasogea. Belarmino akala uji, akala mkate wa majivuni. Jioni akamtania dada yake kwamba supu yake imepikwa kwa maji ya kuoshea miguu, na Zunilda akacheka mpaka machozi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza jikoni. Alipuliza moto. Akasikia nyayo za Clorinda nyuma yake, zinaburuta.

"Wifi, nipe maji."

"Umeamkaje?"

"Sijui nimelalaje." Clorinda alijishika koo. Akacheka kidogo, na kicheko kikavunjika kama kijiti. "Ulimi wangu umekuwa ngozi."

Kikombe kilibaki mkononi mwa Zunilda.

Nje kulikuwa kunapambazuka. Kupitia mlangoni alimwona tetea, amesimama pale sakafu ya nyumba ya Clorinda inapoachana na ardhi. Tetea akaokota punje. Akaiangusha.

Ko... ko... ko...

"Wifi?" alisema Clorinda. "Maji."

Zunilda alitaka kumwambia. Alifungua mdomo, akatafuta mate ya kulainisha neno.

Hakuyapata.