Miaka Miwili Aliyoifuta Mzee Stoddard

"Kwa hiyo umenifuta, Mzee Stoddard."

Leora Whitlock aliisukuma kompyuta ya Thayne mpaka ikagonga bakuli la viazi vya jibini. Nje ya dirisha la jikoni, theluji ya kwanza ilishaivika milima ya Provo kofia.

"Sijakufuta wewe, Dada Whitlock. Kwenye maombi ya chuo nimefuta ile miaka miwili ya misheni ya kanisa tu."

"Na mimi ulinipata wapi? Sokoni?"

Thayne Stoddard akakuna kichwa. Kesho alikuwa anapanda ndege kwenda mashariki, kusailiwa na chuo cha udaktari wa meno. Mwaka jana vyuo vyote vilimkataa.

"Mshauri kasema huko wametuchoka. Kila kijana wa Utah anaandika alivyogonga milango akafungiwa. Eti tunafanana kama mayai."

"Kwa hiyo unaenda na shimo la miaka miwili. Wakikuuliza ulikuwa wapi, utasema jela?"

"Nitasema nilijitolea ng'ambo."

"Haya. Nenda kajitolee." Akamrushia koti lake.

Leora alipobaki peke yake, moyo ukamrudisha Tampere, Finland. Kule wote walikuwa wamisionari, wakiitana Mzee na Dada, hata kama mzee mwenyewe ndevu hazijaota. Jina la kwanza marufuku, mapenzi ndiyo usiseme. Sasa walisharudi nyumbani, ni wapenzi, na ndimi zao bado zinakataa kubadilika. Akazikumbuka glavu zao mbichi zikikauka kwenye hita ya kanisa, kila mtu na zake, zimetengana. Siku moja alizisogeza zake zikagusana na za Thayne.

Siku mbili baadaye, alasiri, simu ikaita.

"Dada Whitlock, usikate."

"Sijakata."

"Wameniuliza. Swali la kwanza kabisa."

"Ukasema ulijitolea."

"Nilianza hivyo. Profesa mmoja mama akaniangalia kama anaangalia jino bovu. Nikaona bora nimweleze habari za Bibi Aino."

Leora akaketi kwenye ngazi. Bibi Aino wa Tampere, aliyekuwa akicheka kaziba mdomo kwa kiganja. Dini yao hakuitaka hata kidogo. Aliwapa mikate ya iliki tu. Meno yalipomzidi akagoma kwenda kutibiwa peke yake, wakamsindikiza.

"Ulimwambia alivyokubana mkono?"

"Mpaka ukafa ganzi. Nikamwambia alipopata meno mapya alicheka mdomo wazi, na siku ile ndipo nilipoijua kazi yangu. Nikamwambia na wewe ulikuwepo, umeshika mkoba wake, unalia."

"Sikulia."

"Ulilia. Profesa akasema milango ya Utah ameisikia mingi ikifungwa, lakini huo ndio mdomo wa kwanza kusikia umefunguka."

"Wamekuchukua?"

"Majibu Desemba. Wakinikataa nitaomba tena, na nitaandika yote. Leora."

Jina lake mwenyewe likamgeukia geni, kama kiatu kipya.

"Umeniitaje?"

"Leora. Nataka kukuoa. Chuo wanipe, wasinipe."

Leora akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Rudi basi, Thayne. Viazi vyako viko kwenye friji."

Desemba, ujumbe uliingia: "Nimepata."

Leora akajibu: "Njoo. Na glavu zako uje nazo, hita inawaka."