Soko Ndani ya Kaseti

Rafiki yangu Laurette, msusi wa Overport, mtaa wa Durban, alinisimulia jambo hili mwaka 2008, nami sijaongeza neno. Alinunua redio kuukuu kwa ajili ya saluni, akakuta ndani kaseti ya Kiingereza. Humo bwana mmoja alikuwa akitembeza wageni katika mji mdogo wa Uingereza, akieleza daraja la mawe na soko lililoanza enzi za wafalme wa kale. Nyuma yake wachuuzi walinadi.

"Huyu mzungu sasa atatuuzia kabichi?" mteja wa Laurette, Marie-Louise, akacheka.

Jioni umeme ukakatika. Redio haikuwa na betri, lakini yule bwana aliendelea kusema gizani. Kisha, katikati ya kelele za soko, mtu akaita kwa Kiswahili: "Yaya Lolo, uko wapi?"

Aliyemwita Laurette hivyo, yaani dada Lolo, ni Elysée tu, mdogo wake aliyepotea walipokimbia vita Uvira, Kongo.

Kwao, anayeitwa gizani haitiki mpaka aitwe mara ya pili. Laurette hakungoja.

"Niko huku, Elysée. Niko Durban."

Bwana akanyamaza. Soko zima likanyamaza. Zikabaki nyayo za mtu mmoja akikimbia juu ya mawe, na kila hatua ilisikika karibu zaidi.