Ijumaa ya Tatu

Rafiki yangu mpiga chapa zamani alikuwa akikucheka mpaka machozi ukimtajia mkosi wa Ijumaa tarehe kumi na tatu. Siku hizi hacheki.

Kalenda ya mwaka ujao ilifanana siku kwa siku na ya miaka kumi na moja nyuma, yenye Ijumaa tatu za namna hiyo. Basi mchana akaingia stoo kuitafuta ile ya zamani, ainakili.

"Chukua tochi, baba watoto," mkewe akamwambia. "Humo giza totoro."

"Nipotee kwenye stoo yangu mwenyewe?"

Akawa anapapasa ukuta. Mbele yake akasikia kurasa zikifunuliwa, moja moja, polepole, kisha kimya. Akaing'oa kalenda msumarini, akatoka nayo mbio.

Marehemu baba yake ndiye aliyeitia alama nyekundu mwaka ule wa misiba. Ijumaa ya Februari: "Mke wangu." Ya Machi: "Kifungua mimba wangu." Ya Novemba iliwapita salama, akaiacha tupu.

Sasa ilikuwa na duara, kwa mwandiko uleule: "Mjukuu wangu."

Mzee alikufa bila kumwona mjukuu. Binti wa rafiki yangu, wa pekee, ana miaka sita. Rafiki yangu alipoligusa lile duara, kidole chake kilitoka chekundu.