Gazeti Lisilobisha Hodi

Sogeeni, wanangu, niwaeleze yaliyompata mshonaji wa mtaa wetu.

Zamani, kila Jumamosi asubuhi, mtaa ulikuwa shwari. Mshonaji akifungua dirisha na kuvuta cherehani kwenye mwanga, Babu Wino alipita kumkabidhi gazeti la mtaa, aliloliandika na kulichapa mwenyewe. Kila nyumba ilichangia kidogo, gazeti lisiwe mali ya tajiri yeyote. Na Babu alikuwa na kawaida moja: hakuandika habari ya mtu kabla ya kubisha hodi kwake na kumwona kwa macho.

Kisha tukajifanya wajanja. Nakala moja ikawa inapitishwa juu ya ukuta, nyumba kwa nyumba, mpaka inachanika.

"Shoga, ukimaliza nirushie!"

Kila mmoja alidhani mwenzake amechangia. Mshonaji naye aliacha. Babu hakununa, aliendelea kumletea karatasi zilizoharibika ili akatie vipimo vya magauni. Mwisho mashine ya Babu ya kuchapia ikanyamaza.

Haukupita muda, gazeti jingine likaanza kukutwa chini ya milango. La bure, linang'aa, halina jina la mwandishi. Hakuna aliyesikia nyayo za mwenye kulileta.

Liliandika: "Nyumba ya fundi saa ni tupu. Mwenyewe amehama."

Fundi saa alikuwa mzee mpweke, jirani wa mshonaji. Mshonaji akautazama mlango uliofungwa. "Loo, hata kuniaga!" Hakubisha. Aliposikia kikohozi nyuma ya ukuta, alijiambia ni panya. Siku ya tatu kikohozi kikakoma.

Toleo lililofuata liliandika: "Nyumba ya mshonaji ni tupu."

Alicheka, akaenda dukani. Mwenye duka akawa anatazama juu ya bega lake.

"We baba, nipe uzi mweusi!"

"Ah! Mama, si umehama?"

"Nimehama, na nimesimama mbele yako?"

"Mbona imeandikwa?" Akauweka uzi mezani, asimguse mkono.

Wateja wakapita dirishani bila salamu. Adhuhuri, wanaume wawili wakaja kupaka mlango wake alama nyekundu, yeye akiwa kizingitini.

"Tupu hii. Kesho inabomolewa."

"Jamani, nipo!"

Hawakugeuka.

Hapo ndipo alipokikumbuka kile kikohozi. Alikimbia, akausukuma mlango wa fundi saa kwa bega mpaka ukafunguka. Mzee alikuwa amelala sakafuni, amekwisha poa. Kando yake lilikuwapo lile gazeti, na pembeni mwa habari yake ameandika kwa penseli: nipo, nipo, nipo, mpaka ncha ikakatika.

Mshonaji alilipeleka kwa Babu Wino. "Babu, nimechelewa. Nimekuja kuchangia."

Babu hakumsimanga. Alifuatana naye hadi nyumbani kwa mshonaji, na ingawa mwenye nyumba alikuwa ubavuni pake, akabisha.

"Hodi?"

"Karibu," alijibu mshonaji, machozi yakimtoka.

Jioni ile majirani walichanga, wengine wakiinamisha nyuso. Alfajiri gazeti la Babu lilikuwa mikononi mwa mtaa mzima: "Mshonaji yupo." Wabomoaji walipofika, walikuta watu wamejaa mlangoni, kila mmoja na nakala yake. Wakaondoka.

Fundi saa tulimzika.

FUNZO

Gazeti la jamii hulindwa na jamii yenyewe. Changia lako, usingoje la jirani. Na usiamini habari ya mtu ambaye unaweza kumbishia hodi, kabla hujambishia.

Lile la kung'aa bado linaletwa, wanangu. Leo nimelikuta chini ya mlango wangu. Sijalisoma. Nimetoka kwanza kuwajulia hali majirani.